Mtoto anayeugua sikio kila mara: maswali ambayo wazazi wa Nairobi huuliza

Binti yangu aliugua sikio kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 7. Kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, tulikuwa tumefika mara ya 6. Tunaishi mtaa wa Umoja, na katika hizo mara 6 alitibiwa kwenye vituo 4 tofauti, maana mtoto akiugua usiku unakimbilia palipo wazi. Kila tulikofika alionekana kama mtoto anayeugua sikio kwa mara ya kwanza maishani. Alipewa chupa ya dawa, tukarudi nyumbani.

Mimi si daktari. Niliyoandika hapa ni yale niliyoelezwa na madaktari na wauguzi waliomhudumia, nikayashika. Maswali yenyewe ni yale ambayo akina mama wenzangu wa ploti, na wale tunaokaa nao kwenye benchi la kliniki, huniuliza mpaka leo.

Nitajuaje kuwa ni sikio, na siyo meno yanayoota?

Mtoto wa miezi 8 hawezi kukuonyesha panapomuuma, kwa hiyo inabidi usome mwenendo wake. Mara nyingi mambo huanza na mafua ya kawaida. Siku ya 3 au ya 4, unapodhani mafua yanaisha, homa inapanda. Ukimbeba wima anatulia. Ukimlaza anaamka akilia kwa sauti kali. Analishika titi kwa pupa, ananyonya kidogo kisha analiachia na kulia, kwa sababu kunyonya na kumeza hubadilisha mgandamizo ndani ya sikio na maumivu yakachoma. Wengine hutapika au kuharisha kidogo, mzazi akadhani ni tumbo.

Kujivuta sikio peke yake si ushahidi. Watoto wengi hujivuta masikio wakiwa na usingizi, wakiwa wanaota meno, au kwa kuwa wamegundua tu kwamba wana masikio. Meno humfanya mtoto atoe udenda na awe msumbufu, lakini hayaleti homa kali. Ukisikia homa imepanda, usiyasingizie meno.

Na hili nalisema kwa mkazo: ugonjwa wa sikio huthibitishwa kwa kuangalia ndani ya sikio kwa kile kifaa chenye taa. Kama mhudumu anataka kuandika dawa kabla ya kutazama, omba kwa upole, "Daktari, tafadhali mwangalie ndani ya sikio kwanza." Sijawahi kukataliwa.

Kwa nini ni watoto wadogo, na kwa nini yeye kila mara?

Nyuma ya kiwambo cha sikio, yaani ngoma ya sikio, kuna chumba kidogo chenye hewa, kinachoitwa sikio la kati. Chumba hicho kimeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba, unaopitisha hewa na kutoa majimaji. Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama, kwa hiyo majimaji hushuka yenyewe. Kwa mtoto mchanga ni mfupi na karibu umelala. Akipata mafua, mrija unavimba na kuziba, majimaji yanabaki ndani, na vijidudu vilivyokuwa puani vinapata mahali pa kuzaliana. Ndiyo maana umri mbaya zaidi ni kati ya miezi 6 na miaka 2.

Kwa hiyo sikio hili halikuugua kwa sababu uliliogesha vibaya, wala kwa sababu hukumvalisha kofia. Upepo hauingii sikioni ukaleta usaha. Ugonjwa ulipitia puani. Huku Nairobi mafua hushamiri wakati wa mvua na katika baridi ya Juni hadi Agosti, tunapofunga madirisha na watoto 10 wakashinda chumba kimoja. Binti yangu aliugua mara 3 katika msimu mmoja wa baridi.

Kuna watoto wanaopata zaidi kuliko wengine: aliyeugua kwa mara ya kwanza kabla ya miezi 6, ambaye kaka au dada zake waliugua vivyo hivyo, anayeshinda na watoto wengi, aliyezaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka, na aliyedhoofika kwa lishe duni.

Ni mara ngapi ndipo ihesabiwe kuwa ugonjwa unajirudia?

Kipimo ambacho madaktari wa masikio hutumia ni mara 3 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 4 au zaidi ndani ya miezi 12 huku moja ikiwa katika miezi 6 iliyopita. Akifika hapo, hastahili tena kupewa chupa nyingine tu na kuambiwa aende nyumbani. Anastahili kuchunguzwa kwa nini.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki kinahitaji mtu wa kuhesabu, na katika mji huu hakuna anayehesabu isipokuwa wewe. Daktari wa zamu ya leo hakuwepo Machi. Zahanati ya mtaani haina faili ya kliniki ya Kayole uliyokimbilia saa 4 usiku. Nilielewa hili nilipomwambia daktari mmoja, "Mtoto huyu anaugua sikio kila wakati," naye akatikisa kichwa tu, kwa sababu kila mzazi husema hivyo. Mara iliyofuata nilifika na karatasi yenye tarehe zote 6 alizougua. Aliisoma mara mbili, akachukua fomu ya rufaa.

Chukua daftari la shule la kawaida, au andika nyuma ya kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho hata hivyo unakibeba. Kila akiugua andika tarehe, sikio la kulia au la kushoto, kiwango cha homa kama ulipima, kama usaha ulitoka, jina la dawa aliyopewa, siku alizoinywa, na kama alipona kabisa au nusu nusu. Chupa ya dawa ikiisha, ipige picha kabla ya kuitupa. Mistari miwili inatosha. Hakuna jambo nililofanya katika miaka hiyo 2 lililomsaidia binti yangu kuliko lile daftari, na halikunigharimu kitu.

Ni saa 8 usiku, analia, kliniki zimefungwa. Nifanye nini?

Tuliza maumivu kwanza. Mpe paracetamol ya maji kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, siyo umri wake; muulize muuguzi kipimo hicho siku mtoto akiwa mzima, ukiandike ubavuni mwa chupa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kijiko cha dawa, usitumie kijiko cha chai. Usimpe aspirini kamwe. Mbebe wima, au mlaze kifuani pako ukiwa umeegemea mto. Mnyonyeshe mara kwa mara, hata kidogo kidogo. Kama pua imeziba, matone ya maji ya chumvi ya kemisti huifungua.

Maumivu ndiyo yanayomtesa usiku huo, na hata antibiotiki ikianza leo haiwezi kuyaondoa katika saa 24 za mwanzo. Kwa hiyo endelea na dawa ya maumivu hata baada ya kuanza antibiotiki.

Lakini yapo mambo ambayo hayangoji asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo kama mtoto ana chini ya miezi 3 na homa imefika 38. Kama hawezi kunyonya au anatapika kila kitu. Kama amepata degedege. Kama amelegea na hazinduki vizuri. Kama shingo imekakamaa. Kama uso umepinda upande mmoja. Au kama nyuma ya sikio pamevimba, pamekuwa pekundu, na sikio lenyewe limesukumwa mbele. Uvimbe huo wa nyuma ya sikio unamaanisha ugonjwa umeingia kwenye mfupa.

Shosho anasema tumtie mafuta moto ya kitunguu saumu sikioni. Kuna ubaya?

Upo. Mafuta hayafiki ugonjwa ulipo, kwa kuwa kiwambo kimezuia njia. Na kama kiwambo kimetoboka, yanaingia mahali yasipotakiwa kabisa. Mafuta ya moto huunguza. Maziwa ya mama, ambayo wengi huyakamulia sikioni, ni chakula cha bakteria yakikaa humo. Nguvu yake ni yakinywewa.

Najua ugumu wa kumkatalia mzee. Mama mkwe wangu alilea watoto 7 na anampenda mjukuu wake. Nilimwambia, "Mama, daktari amesema ndani kuna kidonda, tukitia mafuta kitachelewa kupona. Nisaidie kumbeba nimpe dawa." Akambeba. Mpe shosho kazi nyingine ya kumtunza mtoto, ataiacha ile ya mafuta.

Vijiti vya pamba navyo viache. Nta ya sikio hutoka yenyewe. Kijiti huisukuma ndani.

Nimeamka nikakuta mto una madoa ya njano. Sikio limepasuka?

Ndiyo, kiwambo kimetoboka. Nakumbuka doa hilo kwenye foronya nyeupe, la rangi ya chai ya maziwa, limekauka pembeni, na binti yangu amelala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya siku 2. Nilitetemeka. Kumbe alilala kwa sababu shinikizo lililokuwa likimuumiza limepata njia ya kutokea. Kitundu hicho kwa kawaida huziba chenyewe ndani ya wiki chache. Mpeleke hospitali hata hivyo, siku hiyo hiyo.

Kazi yako nyumbani ni kukausha. Dawa haiwezi kufanya kazi vizuri katika sikio lililojaa usaha, na hii ndiyo sehemu ya matibabu inayopuuzwa kuliko zote, labda kwa kuwa haiuzwi. Nilifundishwa na muuguzi mmoja ambaye aliketi na mimi dakika 10 nzima. Nawa mikono. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba, au karatasi laini iliyo imara isiyoachia vipande. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe kama utambi wa taa, chenye ncha. Vuta sikio taratibu kuelekea nyuma, ingiza ncha ya utambi mpaka ikae, subiri inyonye. Utaiona ikibadilika rangi. Itoe, itupe, weka nyingine safi. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Mara ya kwanza nilitumia tambi 5. Kufikia siku ya 4 zilikuwa 2. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku. Usiache pamba ndani ya sikio, maana huzuia usaha kutoka.

Usitie matone ya sikio yaliyobaki nyumbani au ya jirani. Baadhi ya matone, kama yenye gentamisini, yanaweza kudhuru usikivu yakipita kwenye kiwambo kilichotoboka. Yapo matone salama kwa hali hiyo, kama ya siprofloksasini, lakini daktari ndiye anayeyaandika.

Usaha ukiendelea siku 14 au zaidi, hesabu inabadilika. Huo sasa ni ugonjwa sugu wa sikio, unaotibiwa kwa kukausha na matone ya dawa kwa wiki 2, na si kwa chupa nyingine ya dawa ya kunywa. Nimekutana na watoto waliotoa usaha miezi na miezi, watu wakisema atakua nao utaisha. Tuna methali inayosema sikio la kufa halisikii dawa, na nimesikia mtu akimwambia mama mwenye mtoto mgongoni. Sikio la mtoto yule halikuwa la kufa. Lilikuwa halijakaushwa. Usaha unaoachwa hula usikivu.

Mtoto wa usaha usiokwisha mhudumu anaweza kuuliza kuhusu kipimo cha virusi vya Ukimwi. Usione umedharauliwa. Ni swali la kawaida katika mwongozo wa kutibu watoto, kwa sababu kinga iliyopungua huonekana mapema sikioni.

Lazima apewe antibiotiki? Na je, naweza kuinunua tu kwa kemisti?

Mtoto wa chini ya miezi 6 hutibiwa kwa antibiotiki bila kusubiri, vivyo hivyo mwenye homa kali, mwenye maumivu makali, au mwenye usaha. Mtoto aliyezidi miaka 2, homa yake ni ndogo na anacheza, daktari anaweza kukuambia umpe dawa ya maumivu na kumtazama siku 2 au 3, kwa sababu masikio mengi hupona yenyewe. Hilo si kukufukuza. Muulize tu, "Akizidiwa, nirudi lini na kwa nani?"

Dawa ya kwanza kwa kawaida ni amoksilini, na katika vituo vyetu vya serikali siku hizi huja pia kama vidonge vinavyoyeyuka majini, ambavyo ni rahisi kutunza nyumba isiyo na friji. Ikiwa ni ya unga, tia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka alama, tikisa, na uangalie kwenye lebo itaisha nguvu lini. Amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti huhitaji baridi ikishakorogwa. Kama huna friji, mwambie daktari kabla hajaandika. Hilo ni swali la tiba kabisa, usilionee haya.

Kununua kwa kemisti bila kuangaliwa sikio ndiko kulikotuchelewesha sisi. Mara ya 2 na ya 3 nilifanya hivyo. Nilipewa nusu kozi kwa sababu hela iliyokuwepo ilikuwa ya nusu kozi, mtoto akapata nafuu siku ya 2, nikafurahi. Chupa iliyobaki nikaihifadhi "kwa siku nyingine". Sasa najua kwamba nusu dozi huua vijidudu dhaifu na kuacha vile vigumu. Kama fedha hazitoshi, zahanati ya serikali iliyo karibu nawe ni bora kuliko nusu chupa.

Amemaliza dawa vizuri, na baada ya wiki 3 limerudi. Dawa haifanyi kazi?

Si lazima. Mara nyingi ni mafua mapya yaliyoleta ugonjwa mpya kwenye mrija ule ule uliovimba. Ila kama homa na maumivu hayajapungua baada ya siku 2 au 3 za dawa, rudi, maana huenda ikabidi dawa ibadilishwe. Na usikubali wala usiombe antibiotiki ya kila siku kwa miezi kama kinga. Njia hiyo ilikuwa ikitumika zamani, sasa haishauriwi kwa sababu ya usugu wa dawa.

Nyumbani nibadilishe nini?

Chupa kwanza. Mtoto anayelazwa chali na chupa ya maziwa mdomoni humeza huku maziwa yakipanda kuelekea kwenye ule mrija. Mpakate, kichwa kiwe juu kuliko tumbo, na asilale na chupa. Mwambie hivyo hivyo anayemlea mchana, kwa maneno mepesi na kwa kumwonyesha. Mimi nilimwonyesha dada wa kazi mara moja akaelewa kuliko nilivyoeleza mara 10.

Maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo hupunguza ugonjwa huu, na kuendelea kunyonyesha baada ya hapo husaidia zaidi. Chuchu ya plastiki ya kumnyamazishia mtoto, anza kumwachisha baada ya miezi 6.

Moshi. Anayevuta sigara avutie nje, mbali na dirisha, na jioni akibeba mtoto awe amebadilisha shati. Jiko la makaa na stovu ya mafuta taa navyo huwasha pua na koo la mtoto. Najua si kila mtu ana gesi. Kama ni makaa, washa jiko nje mpaka moshi uishe, pika karibu na mlango ulio wazi, mtoto akae chumba kingine au kwa jirani. Na katika baridi ya Julai, msilale na jiko ndani kamwe. Hapo hatuzungumzii tena sikio, tunazungumzia hewa inayoua familia nzima usingizini.

Vituo vya kulelea watoto ni swali gumu. Ukiambiwa umtoe mtoto, nani atamshika ukienda kazini Industrial Area? Unachoweza kufanya ni kuchagua chenye watoto wachache. Binti yangu alihamishwa kutoka chumba cha watoto zaidi ya 20 pale mtaani hadi kwa mama mmoja anayelea 5, kwa bei iliyozidi kidogo, na mafua yakapungua mwezi ule ule. Tazama pia kama dirisha hufunguliwa, na kama kitambaa kimoja kinafuta pua zote.

Chanjo usizikose. Ile ya nimokokasi, inayokinga dhidi ya bakteria mmojawapo mkubwa wa ugonjwa wa sikio, imekuwa kwenye ratiba ya Kenya tangu mwaka 2011, na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18; hiyo ya miezi 18 husahaulika sana, na surua huharibu masikio ya watoto.

Mbona nikimwita hageuki? Ni kiburi?

Usimchape. Mwangalie.

Sikio likishapona, majimaji hubaki nyuma ya kiwambo bila homa wala maumivu. Baada ya mwezi 1, karibu watoto 4 kati ya 10 huwa bado nayo. Baada ya miezi 3, karibu mtoto 1 kati ya 10. Wakati huo mtoto husikia kama mtu aliyejiziba masikio kwa vidole. Anasikia kwamba unasema, hashiki unasema nini.

Mimi niligundua jikoni. Binti yangu alikuwa na mwaka 1 na miezi 4, ameketi sakafuni amenipa mgongo, anapanga vifuniko vya sufuria. Nikatikisa pakiti ya biskuti nyuma yake, sauti ambayo siku zote ilimfanya aje mbio. Hakugeuka. Nikatikisa tena karibu zaidi. Alipoona kivuli changu ndipo akainua uso na kucheka. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nikimwita mtundu.

Jaribu hivyo, ukiwa nyuma yake, asikuone. Angalia pia kama anasogelea sana runinga, kama anakutazama mdomo unapoongea, kama maneno aliyokuwa nayo yamesimama au yanapungua. Kama kwa mwaka na nusu hana maneno ya kueleweka, usingoje miaka 3 kwa sababu eti mjomba wake naye alichelewa kusema.

Daktari alituambia tusubiri miezi 3 kwa sababu majimaji mengi huisha yenyewe, na hakuna dawa ya maji inayoyaondoa haraka. Lakini kusubiri hakukuwa kukaa bure. Tulizima runinga wakati wa kula. Tuliongea naye tukiwa tumechuchumaa mbele yake, uso kwa uso, kwa sentensi fupi. Tulimwambia mlezi wake afanye vivyo hivyo.

Wametuambia kuhusu vibomba vya sikio na upasuaji wa nyama za puani. Niogope?

Kibomba ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele kinachowekwa kwenye kiwambo ili hewa iingie na majimaji yatoke. Huwekwa mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kazi yenyewe ni ya dakika chache, na mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hukaa miezi 6 hadi 18 kisha huanguka chenyewe. Wanaofikiriwa ni watoto wenye ugonjwa unaojirudia huku majimaji yakikutwa bado nyuma ya kiwambo, au majimaji yaliyokaa zaidi ya miezi 3 na kupunguza usikivu. Usaha unaweza bado kutoka mara moja moja kupitia kibomba, na hutibiwa kwa matone. Kwa watoto wachache kitundu hubaki na kuhitaji kuzibwa baadaye.

Nyama za puani, ambazo wengi wetu huziita adenoidi, ni tezi zilizo karibu na mlango wa ule mrija. Zikivimba mtoto hukoroma, hulala mdomo wazi, na mrija huziba. Si kila mtoto mwenye sikio huhitaji zitolewe. Muulize daktari ni kwa sababu gani anapendekeza kwa mtoto wako.

Binti yangu, sikio la kulia lilikauka lenyewe katika ile miezi 3. La kushoto halikukauka, akawekewa kibomba akiwa na miezi 20. Tuliporudi nyumbani jioni hiyo, matatu ikapiga honi barabarani. Akaziba masikio kwa viganja na kunitazama kwa mshangao. Kwa miezi mingi honi zile zilikuwa zikimpita.

Rufaa inaendaje, na nibebe nini?

Anzia zahanati au kituo cha afya cha wadi yako, kisha hospitali kama Mama Lucy Kibaki kwa sisi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, au Mbagathi. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kliniki ya masikio, pua na koo, na huko unahitaji fomu ya rufaa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA badala ya NHIF. Hakikisha mtoto ameorodheshwa chini yako na michango imelipwa kabla ya siku yenyewe, siyo ukiwa kwenye foleni na mtoto analia. Beba kijitabu chake, cheti cha kuzaliwa, daftari lako na picha za chupa. Fika mapema, beba uji.

Kuoga, kuogelea na kusafiri?

Kuoga hakuleti ugonjwa wa sikio la kati. Kama kiwambo kimetoboka, zuia maji yasiingie na asiogelee mpaka daktari aone kimeziba. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo mkishuka kwenda Mombasa kwa ndege, masikio yatabanwa wakati wa kutua. Mnyonyeshe au mpe kinywaji ndege inapoanza kushuka. Kama sikio lina ugonjwa wakati huo, muulize daktari kwanza.

Haya yote yataisha lini?

Kwa watoto wengi hupungua sana baada ya miaka 2 hadi 3, mrija unaporefuka na kuinama, na wakifika umri wa kuingia darasa la 1 huwa yamebaki hadithi. Wa kwangu ana miaka 4 sasa. Mara ya mwisho iliyoandikwa daftarini ni mwaka jana Julai, sikio la kushoto, siku 5 za dawa, akapona.

Kabla mtoto wako hajaanza PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, omba apimwe usikivu mara moja zaidi, hata kama hajaugua mwaka mzima. Ikionekana sikio moja ni zito, mwambie mwalimu ni lipi, amketishe mbele, lile zuri likielekea kwake.